Jina Moja Juu ya Jalada

Sogeeni, na mwenye usingizi akalale mapema, maana hadithi hii inataka hakimu na mimi nimeshashindwa.

Huko Italia, katika mji ulio kando ya mto, walikuwako wachoraji watatu wa vitabu vya katuni. Ottavio hakusahau picha yoyote aliyowahi kuichora. Binti yake, Nives, alikuwa mwepesi wa penseli. Rafiki yao Gualtiero alijua wino: akipitisha brashi, farasi wa karatasi utadhani anahema.

Miaka thelathini Ottavio alichora kwa jina la bwana mwingine. Watoto walipanga foleni kupata sahihi ya bwana yule, naye Ottavio amesimama nyuma akiwashikia makoti. Uzeeni akachora kitabu chake mwenyewe, kurasa tisini. Akaapa, "Hiki kitatoka na jina langu, au nife nacho."

Mto ukafurika. Maji yakazoa kurasa zote, na kabati likamwangukia Ottavio, likamvunja mkono wa kuume. Alilia mbele ya bintiye bila haya. Zilikuwa zimebaki siku kumi na mbili kukipeleka kitabu kwa mchapishaji.

"Baba, wewe sema, mimi nichore," Nives akamwambia. Siku ileile alikuwa aende Milano kuanza kazi yake ya kwanza. Hakwenda, na nafasi ikachukuliwa na mwingine.

Ottavio akafumba macho, akazitoa kichwani kurasa tisini, picha kwa picha, huku homa ya mkono ikimchemsha.

Gualtiero alikuwa amebakiwa na jicho moja, na daktari alishamkanya asilichoshe. "Daktari ana mawili yake," alisema, "hili langu niachieni." Akatia wino. Ukurasa wa mwisho aliumaliza kwa kupapasa.

Kitabu kikatimia. Mchapishaji akakisifu sana, kisha akasema, "Desturi yetu ni jina moja juu ya jalada. Mkileta mawili, sichapi."

"Andika lako, Baba," Nives alisema, lakini hakumtazama usoni.

"Ukishaandika unisomee, ndugu yangu," alisema Gualtiero. "Mimi hata karatasi siioni tena."

Ottavio akaishika kalamu kwa mkono wa kushoto. Akiandika jina lake, amewafanyia hawa alichofanyiwa yeye. Asipoliandika, miaka thelathini imekwenda bure, na mingine hana.

Mimi nimemwacha hapo, kalamu mkononi. Haya, wewe unayenisikiliza: ungeandika jina la nani?