Mashine ya Ngiri na Mashua ya Nguchiro

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa na nini?

Sema wewe!

Pakawa na mashua ndogo, na mashine nzito, na tumbo lililovitaka vyote viwili. Mwenye masikio ayasogeze, asiye nayo aazime ya jirani. Twende?

Twende!

Basi hapo kale, lakini si kale sana maana mashine za boti zilikuwa zimeshafika, palikuwa na Nguchiro. Mdogo, mwembamba, mkia mrefu, macho hayatulii. Alikuwa na mashua ya tanga aliyoipenda kama mwanawe, na kazi yake ilikuwa kuvusha mizigo ziwani.

Asubuhi hiyo Nguchiro alikuwa anaimba. Rafiki yake Bi Pimbi, wa kisiwa cha majabali, alikuwa anamwoza binti yake, na chakula chote cha harusi kilikuwa ndani ya mashua: viazi vitamu vya kuchemsha, karanga, ndizi, mahindi ya kuchoma. Kule kisiwani sufuria zilikuwa tupu. Zote zilimngoja yeye.

Mara vichaka vikalia, kacha-kacha-kacha! Akatokea Ngiri, pembe mbele, mgongoni amebeba mashine ya boti. Akaibwaga nyuma ya mashua, pwaga! Mashua ikainua pua juu kama inayotaka kupiga chafya.

"Shikamoo, Bwana Ngiri," Nguchiro akasema. "Kulikoni?"

"Marahaba. Kuanzia leo mashua hii inakwenda kwa mashine. Na mwenye mashine ndiye mwenye mashua."

"Lakini, mzee, mashua hii ni..."

"Mwenye mashine ndiye mwenye nini?"

Pembe zilikuwa zimeshafika puani pake. "Mwenye mashua," Nguchiro akajibu kwa sauti ndogo.

"Haya, ifunge."

Nguchiro akaikumbatia mashine. Akavuta. Haikusogea. Akavuta tena. Haikusogea. Akavuta kwa nguvu zake zote, mashine ikamwinamia, wakaanguka wote wawili matopeni, bwata! Ngiri akacheka mpaka akakohoa, kisha akaifunga mwenyewe, akakaa papo hapo kando yake, kwa fahari.

Wakaondoka. Mashine ikanguruma, ngrrrrr! Maji yakaruka huku na huku. Nguchiro, ingawa alikuwa na hasira, mkia ulimsimama kwa ile kasi! Lakini nyuma kulikuwa na mashine nzito na Ngiri mzito, kwa hiyo maji yakaanza kuingia. Nguchiro akayakomba, chwaa! Ngiri akala kiazi. Nguchiro akayakomba, chwaa! Ngiri akala ndizi. Nguchiro akayakomba, chwaa! Ngiri akala karanga na maganda yake.

"Mzee, hicho ni chakula cha harusi!"

"Hiyo ni nauli ya mashine."

Katikati ya ziwa mashine ikakohoa, kho, kho, ikanyamaza. Petroli imekwisha. Nguchiro akapandisha tanga, upepo ukalijaza, mashua ikakokota ule mzigo wa nyuma mpaka kisiwani.

Majabalini walikuwa wamesimama Bi Pimbi, bibi harusi, na jamaa wote wa kwa bwana harusi, njaa imewashika. "Kafika! Kafika!" wakapiga vigelegele. Lakini Ngiri akasimama juu ya makapu.

"Hakishuki kitu! Kwanza mashine yangu iwekwe juu ya jabali, pakavu. Wewe, Nguchiro, ishushe. Ikiingia maji hata tone, chakula ni changu na mashua ni yangu."

Vigelegele vikakatika. Bi Pimbi akashika kichwa. Nguchiro akaitazama mashine, akamtazama Ngiri. Akaangalia juu, kwenye foromali, ule mti wa juu unaoshika tanga. Macho yake yakatulia kwa mara ya kwanza.

Mbio! Akalikunja tanga, akaiacha foromali juu peke yake, na kwenye ncha yake alikuwa ameshatundika kapi, kigurudumu cha kupitishia kamba. Akapitisha kamba. Akaifungua mashine pale nyuma, ncha moja ya kamba akaifunga kwayo.

"Bwana Ngiri, mimi ni mnyonge. Katika ziwa hili zima, nani awezaye kuinyanyua mashine hii peke yake?"

Ngiri akavimba. "Nani mwingine zaidi yangu?"

"Basi nikufunge ncha hii ya pili kiunoni, kamba isije ikakuchubua kwato. Na kwato uzibane chini ya ubao huu wa kukalia. Vuta!"

Ngiri akazibana, akavuta. Mashine ikapanda, kwi... kwi... kwi... Nguchiro akaisukuma foromali taratibu, mashine ikaning'inia sawasawa juu ya jabali.

"Fanya haraka," Ngiri akanong'ona, jasho likimtiririka. "Sasa nini?"

"Sasa umechoka, mzee wangu. Kula kidogo." Nguchiro akainua kiazi kinono, chenye asali. Akakishika mbele ya pua yake. Akakisogeza mbali kidogo. Ngiri akanyoosha shingo. Akakisogeza tena. Ngiri akanyoosha shingo, akanyoosha mgongo, akanyoosha miguu, kwato zikachomoka.

Fyuuuu! Mashine chini, Ngiri juu! Mashine ikatua jabalini, tuu, kavu kabisa. Ngiri akagota kwenye kapi, ngo! akabaki akizunguka angani, miguu minne hewani, mkia umesimama wima.

"Nishusheni!"

"Ili wewe ushuke, lazima mashine inyanyuke," Nguchiro akasema. "Nami unajua siiwezi."

"Hao wageni waje wainyanyue!"

Bi Pimbi akauliza kwa adabu, "Mashine ni ya nani?"

"Yangu!"

"Oo. Basi sisi hatugusi mali ya mtu."

Na makapu yakaanza kushuka. Ngiri akaona viazi vinapita. Akaona karanga zinapita. Ngoma ikaanza, dungu-dungu-dum! Alipoona mahindi yanapita, akalia, "Ni yenu! Mashine ni yenu! Chukueni!"

"Ahsante sana," wakasema, wakala kwanza, wakashiba, wakacheza. Ndipo pimbi wote wakaishika mashine yao, wakainyanyua kidogo kidogo, na Ngiri akashuka kidogo kidogo.

Wakati wa kurudi hapakuwa na upepo. Ngiri alipiga kasia mpaka kwao, na Nguchiro alilala chali juu ya tanga akipunga mkia. Na pimbi? Hawakuiwasha ile mashine kamwe. Waligundua kwamba ikipigwa na jua hupata joto zuri, na mpaka leo huilalia kwa tumbo, wakipokezana.

Sasa funzo, watoto. Watiini wakubwa! Nguchiro aliambiwa aiweke mashine pakavu, akaiweka pakavu. Kuhusu Ngiri hakuagizwa lolote.

Ngano imefika pwani. Mimi nashuka.

Shuka salama!