Zimwi Lililopenda Watoto Wepesi

Paukwa!
— Pakawa!
Pakawa nini?
— Moto, na chungu juu yake!
Aliyeshiba?
— Asogee asikie!
Na mwenye njaa?
— Asogee zaidi!

Haya, sogeeni. Hapo kale, vilima vilipokuwa bado na wenyewe, palikuwa na mjane mmoja, jina lake Nakiete. Mumewe alikufa kwa homa, akamwachia shamba la kunde, kuku wachache, na binti mmoja tu. Binti huyo aliitwa Mboni.

Mboni alikuwa mchaguzi wa chakula, sijapata kuona. Ukimpa maharage, anafumba mdomo. Ukimpa mchicha, anageuza uso. Ukimpa dagaa, anakimbilia uvunguni. Alikula uji mweupe na ndizi mbivu, basi. Watu wakasema, "Deko hilo. Ataacha."

Hakuacha. Viganja vyake vikaanza kupauka. Ndani ya kope, pale penye wekundu, pakawa peupe. Akienda kisimani, njia fupi tu ile, anakaa chini njiani, anahema kama mzee. Na siku moja Nakiete akamkuta nyuma ya jiko anabandua udongo ukutani, anatafuna.

"Mboni! Unakula nini?"

"Udongo, mama. Mtamu."

Jamani! Mtoto anayekataa yai anakula ukuta! Nakiete akampangusa udongo mdomoni.

Mchana wa siku ileile, watu wakiwa mashambani, ikasikika sauti uani. "Hodi wenyewe."

"Karibu," akajibu Nakiete. Akaingia bibi kizee, kichwa amekifunga kitambaa kizito mpaka shingoni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nipe maji, jua kali. Na huyu mjukuu wangu mlete nimpakate."

Utamnyima bibi mtoto ampakate? Nakiete akampa. Bibi akamshika Mboni kwa mikono miwili, akamwinua juu, akamshusha, akamwinua tena. Akaimba polepole:

*Kajani, kajani kakavu,*
*upepo ukivuma kanakuja,*
*kapu langu lina nafasi.*

Akamshusha, akashukuru kwa maji, akaaga. Alipoinama mlangoni, upepo ukafunua kitambaa chake. Kisogoni palikuwa na mdomo wa pili. Mdomo ule ulikuwa unajilamba.

Nakiete akamnyakua Mboni.

Alikimbia kwa wifi yake, Namkunda, nyumba ya pili, akamsimulia yote. Namkunda akaacha kupepeta. "Wifi, hilo ni zimwi la kilimani. Ni kongwe, mgongo umeoza. Mtoto mzito haliwezi kumpandisha. Linachagua wepesi, waliokauka damu."

"Nihame?"

"Utahamia wapi lisikofika? Mlishe mtoto, wifi. Mlishe. Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Lakini hili halimjui mtu."

Basi Nakiete akaanza kumlisha Mboni. Sikilizeni alivyofanya, na nyie akina mama msicheke, maana kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana.

Kwanza alitumia nguvu. Alimkaba kichwa kwapani, akamsukumia maharage kinywani. Mboni akatapika yote, na uji wa asubuhi ukafuata.

Pili alitumia hila. Akasaga ini, akalificha ndani ya ndizi. Mboni akaonja, akatema, akamtazama mama yake macho makavu. Tangu siku hiyo hata ndizi akaikataa mpaka aimenye mwenyewe.

Tatu alitumia vitisho. "Usipokula mchicha, zimwi litakuja likule!" Mboni akakimbilia uvunguni. Sasa hata uji haukupita. Hofu ilikaa pale chakula kinapopita.

"Hodi wenyewe."

Bibi alikuwa amerudi. Safari hii hakungoja kukaribishwa. Nakiete alikuwa na panga mkononi, anapasua kuni. Alitaka kuliinua, mkono ukakataa. Alisimama palepale kama nguzo, anaona, anasikia, hawezi. Bibi akamwinua Mboni kwa mkono mmoja.

*Kajani, kajani kakavu...*

"Amezidi kuwa mwepesi," akasema kwa upole. "Umemlea vizuri, mwanangu. Wakati wa mavuno nitakuja na kapu."

Akaondoka. Panga likaanguka lenyewe.

Nakiete alilia mpaka machozi yakakatika. Kisha, kwa kuwa mwili ni mwili, akahisi njaa. Akapika kisamvu cha kunde... ah, kisamvu ni cha muhogo, ulimi umeteleza. Akapika majani ya kunde, akatia dagaa wa kutwangwa na karanga, akakaa peke yake jikoni anakula. Hakumwita Mboni. Hakumtazama hata kidogo. Nguvu za kubembeleza zilikuwa zimekwisha.

Mboni alikuwa pembeni na kichungu chake cha kuchezea, anapika majani na mchanga. Akamtazama mama. Akatazama sufuria. Akasogea.

"Mama, nigawie kidogo nitie kwenye chungu changu. Nawapikia wageni."

Moyo wa Nakiete ukaruka, lakini uso akauzuia. Akachota kidogo, akampa, akaendelea kula. "Mimi ndiye mgeni wako," akasema. "Lakini mgeni hali mpaka mpishi aonje kwanza. Ndivyo tulivyofundishwa, isije ikawa kuna sumu."

Mboni akafikiri. Akachovya ncha ya kidole, akaramba. Akakunja uso. "Chungu."

"Pole, mpishi. Kuna ndimu hapo. Kamulia."

Akakamulia. Akaramba tena. "Bado," akasema, akakamulia nyingine. Akaramba mara ya tatu, akamsogezea mama kichungu. "Haya, mgeni, karibu."

Siku ile alikula kiasi cha kujaza ukucha. Kesho yake, kiasi cha kujaza kijiko. Nakiete akaacha kabisa kumlazimisha. Alimwachia achume kunde mwenyewe, avunje yai mwenyewe, abanike kipande cha ini juu ya kaa mpaka kiwe kigumu kama alivyotaka. Akikataa, mama anasema, "Sawa, mpishi." Kesho kinapikwa tena. Haba na haba, si mnajua wenyewe?

Lakini msidhani hofu ilikwisha. Kila jioni Nakiete alimwinua mwanawe apime. Alikuwa mzito? Alikuwa mwepesi? Mkono wa mama haujui uzito wa mwana. Mahindi yakabeba. Mahindi yakakauka. Watu wakaanza kuvuna.

Siku hiyo Nakiete alikwenda kisimani mara moja tu, maji ya kupikia yamekwisha. Aliporudi, moto unawaka, kichungu kimepinduka. Uani kulikuwa na nyayo pana, na kando yake mburuzo wa kapu.

"Mboniii!"

Akatupa ndoo, akakimbia kuelekea kilimani. Miiba ikamchana, hakuhisi. Kutoka juu akasikia:

*Kajani, kajani kakavu,*
*upepo ukivuma kanakuja...*

Akapanda. Akasikia tena, lakini sasa wimbo unakatikakatika:

*Ka... jani... ka... kavu...*

Akapanda zaidi. Hakusikia kitu. Wanangu, wimbo ule ulimtisha, lakini kule kunyamaza kulimtisha zaidi. Alijua zimwi haliimbi likiwa linakula.

Mawe yakaanza kuporomoka. Kitu kilikuwa kinashuka kasi, nyasi zinalala. Nakiete akaokota jiwe, akaliinua kwa mikono miwili.

Akatokea Mboni, kipande cha kamba kinaning'inia mdomoni.

"Mama! Mara ya kwanza lilipumzika, likasema kapu limelowa. Mara ya pili likasema nimetia mawe. Mara ya tatu likalala chali, linahema, nikatafuna kamba mpaka ikakatika!"

"Liko wapi?"

"Linakuja."

Na kweli, juu yao matawi yalikuwa yanavunjika. Nakiete akageuka akimbie, magoti yakamtupa chini. Akajaribu kuinuka, yakamtupa tena. Hofu ya miezi yote ile ilikuwa imeshuka miguuni.

"Kimbia, mwanangu. Niache."

Mboni hakukimbia. Akamshika mama mkono, akajikita chini, akavuta. Nakiete akasimama. Wakashuka pamoja, mtoto mbele, mama nyuma, na nyuma yao ile pumzi ya midomo miwili. Huku akikimbia, Mboni akapiga yowe, refu, lisilokatika, mpaka wavunaji wakalisikia kule bondeni. Wakaja na majembe, wakaja na mundu, Namkunda mbele yao na mchi wa kutwangia.

Zimwi likasimama ukingoni mwa msitu. Likawatazama. Likageuka polepole, kisogo kikawatazama nacho. Kisha likapanda kwake, bila wimbo. Halikufa, nisiwadanganye. Liko.

Nyumbani, Nakiete aliketi jikoni, mkono wa Mboni ndani ya mkono wake. Jua likazama, ameushika. Majirani wakaja, wakatoa pole, wakaenda, ameushika tu.

"Mama," akasema Mboni.

"Naam, mwanangu."

"Niachie mkono. Nitapikaje?"

Ngano imefika mlangoni, naifungulia iende. Aliyeipenda?
— Aisindikize!
Aliyeiogopa?
— Asogee kwa mamaye!
Na chungu?
— Kimeiva, tule!