Kamba Mbili za Kinyonga

"Nina neno kinywani!"

"Liteme tulisikie!"

Palikuwa na kisima chenye boma la miiba na milango miwili, mmoja mashariki, mmoja magharibi. Kila mlango na kamba yake. Juu ya boma kakaa Kinyonga, mwamuzi, jicho hili kwenye kamba hii, jicho lile kwenye kamba ile. Hakuna saa, hakuna jogoo. Anayevuta kwanza anafunguliwa, anaingia peke yake. Anayeachia kabla ya uamuzi zamu imempita. Na kamba moja ikilala, jicho lake hulinda miiba, mwizi asipenye.

Kamba ya mashariki ilikuwa ya Nyati. Akinusa maji, huyo, ndi! ndi! ndi! Anavuta, anaingia, anakunywa, anabakiza tope. Kesho yake vilevile.

Magharibi aliishi Mama Pimbi na watoto wake, koo zimewakauka hata kulia hawalii tena. Pimbi ni mwepesi, angeweza kumtangulia Nyati. Lakini angeingia peke yake, kisha zamu ni ya Nyati, na watoto wangelamba tope. Hilo lilimuuma.

Siku moja akatega sikio. Ndi! ndi! ndi! Nyati akasimama, akashusha pumzi, hmff. Akavuta kamba, na Pimbi naye akavuta, papo hapo.

Kinyonga akainama mashariki. Akasita. Akainama magharibi. Akasita. Akawa anayumba tu, nyange, nyange, nyange. Macho yote mawili yakaganda kwenye kamba.

Nyati akauliza, kamba menoni, nani kwanza. Kinyonga akajibu kwamba akikosea ataitwa mpendeleaji, basi wasubiri.

"Usiachie, Mzee Nyati," Pimbi akamwambia kutoka ng'ambo ya boma. "Ukiachia, zamu ni yangu."

Nyati akang'ata zaidi. Pimbi akaifunga kamba yake kwenye kisiki, ikabaki imekazika vilevile. Akawapenyeza watoto chini ya miiba, mmoja mmoja. Wakagugumia maji, gu, gu, gu. Kitindamimba akajichovya mpaka masikio. Mama akanywa mwisho, akatoka nao.

Jua likageuka. Kinyonga akayumba, akaangukia mashariki.

"Nyati kwanza," akatangaza. Mlango ukafunguka.

"Hongera, Mzee," akasema Pimbi, akifungua kamba kisikini. "Haki yako umeipata."

Nyati akaingia kwa maringo, akainamisha kichwa, akalamba tope.

Mzigo wangu nimeutua, mwenye bega aubebe. Na funzo lake ni hili: mwamuzi akichelewa, msimharakishe. Shikeni kamba, tulieni, na kila mtu atapata haki yake, kama Nyati alivyoipata.