Lebo za Harusi ya Saumu

Mwili haukosei; hukosea kipimo.

Zulfa ameisikia asubuhi hii kwa bibi, alipoitupa sketi mpya ya shule kitandani na kulia kwamba amenenepa. Bibi hata hakugeuka. Alisema methali yake, akaendelea kukuna nazi. Sasa Zulfa na mdogo wake Tatu wamenizunguka hapa ukumbini wanataka kujua maneno hayo yalitoka wapi. Haya, kaeni. Kuna methali zilizozaliwa na wafalme, na nyingine na wawindaji. Hii imezaliwa na gauni, na mimi, dada yenu Mishi, nilikuwepo kwenye uzazi wake.

Kwanza mjue mmezaliwa mahali pazuri. Katika ukoo wetu hajawahi kutokea mwanamke aliyeshindwa na nguo. Hajawahi! Sisi tukiingia dukani, magauni hujipanga yenyewe yakiomba kuvaliwa.

Sasa sikilizeni jinsi shangazi Mwanahamisi alivyonasa ndani ya gauni, mikono juu kama mtu aliyekamatwa na polisi, kichwa hakionekani.

Usicheke, Tatu. Saa ile hakuna aliyecheka.

Ilikuwa harusi ya dada Saumu, hapa hapa Korogwe. Ninyi mlikuwa wadogo. Tatu ulikuwa bado unakula udongo. Mama yake Saumu alifariki Saumu akiwa anatambaa, na aliyemlea ni shangazi Mwanahamisi. Alimbeba mgongoni, akamsomesha, akamfundisha kupika na kujibu watu. Na mnajua desturi ya kwetu: bi harusi hatoki chumbani peke yake. Shangazi yake humshika mkono wa kulia na kumtoa mbele za watu. Kwa shangazi Mwanahamisi, siku hiyo ndiyo aliyokuwa akiingojea tangu alipokuwa akimkorogea Saumu uji.

Lakini kamati ya sare ilikuwa chini ya mama mdogo Chausiku, mke wa baba mdogo Hemedi. Kwa hiyo yeye na shangazi ni mawifi, na mawifi mnawajua. Mama mdogo alikuwa ametoka kwenye harusi moja Dar es Salaam, akarudi na ugonjwa wa video.

"Safari hii hakuna fundi wala kitenge," alitutangazia wanawake wote uani. "Tunanunua magauni yaliyoshonwa tayari, dukani Tanga. Kijani kibichi, mikono mirefu. Kila mmoja ataje saizi yake. Na tutaingia kwa mpangilio. Mpaka kumi na mbili, mbele pamoja na bi harusi. Kuanzia kumi na nne, nyuma. Video haina huruma, ndugu zangu."

Jamani, uongo uliosemwa uani siku ile! Watu niliowajua tangu utoto, watu wanaoingia mlangoni kwa upande, walitaja nane bila kupepesa macho. Bibi mmoja alisema sita. Akaulizwa, sita ya nini? Akajibu, "Sita ile ya zamani."

Zamu ya shangazi ikafika. Yeye, masikini, akasema kweli.

"Kumi na sita. Ndivyo lilivyoandikwa gauni langu la Idi."

"Basi wewe nyuma, wifi," mama mdogo akasema, tena kwa upole, upole ule unaouma.

"Nyuma? Na mtoto atatolewa na nani?"

"Nitamtoa mimi. Mimi kumi yangu haina wasiwasi."

Shangazi alimtazama Saumu, akamtazama wifi yake.

"Niagizie kumi na mbili," akasema.

"Wifi, gauni si mpira, halivutiki."

"Wewe niagizie. Kuvaa niachie mimi."

Toka siku hiyo shangazi akaacha kula. Mnamjua shangazi na bada. Mtu akisonga bada la muhogo mtaa wa pili, yeye hujua kama limeiva kwa kusikia mwiko tu. Mtu huyo huyo akawa anakunywa maji ya ndimu asubuhi, anatafuna tango mchana, na usiku anakaa karibu na chungu akila harufu. Alikonda mashavu, akakonda shingo. Pale alipotaka kukonda hakukonda. Alikuwa akikaza mkanda wa lile gauni la Idi kila asubuhi, na kila asubuhi mkanda unaishia tundu lile lile.

Saumu alimbembeleza. "Shangazi, kula. Mimi nitatoka na wewe hata ukivaa kanga."

"Na mimi sitaki," shangazi akamjibu. "Ukitoka na mtu aliyevaa tofauti na wenzake, watasema yatima kakosa watu wa kumpamba. Sikukulea uonewe huruma siku yako. Nitavaa kama wao na nitakuwa mbele."

Magauni yakaja siku moja kabla ya harusi, mabunda mawili. Duka halikuwa na ya kutosha kutoka kiwanda kimoja, likajazia kutoka kiwanda kingine. Rangi ile ile, kitambaa kile kile, mikono ile ile mirefu. Nani angejali? Mama mdogo aliyagawa kama mtu anayegawa vyeti, akisoma lebo kwa sauti ili kila mtu asikie namba ya mwenzake.

Shangazi akachukua kumi na mbili yake, akaingia chumbani na sisi wawili, Saumu na mimi. Akasema bismillahi, akainua mikono, akalitia gauni kichwani. Likafika mabegani, likasimama.

"Mishi, vuta."

"Navuta, shangazi."

"Vuta kama unatoa ndoo kisimani, mbona unanipapasa?"

Nikavuta. Gauni likalia mahali fulani kwenye kwapa. Halikwenda chini, na tulipotaka kulirudisha juu likakataa pia. Ndio pale aliponasa kama nilivyowaambia. Ilibidi Saumu ashike mikono na mimi nishike pindo mpaka shangazi akatoka, kilemba upande, jasho linamtiririka. Akakaa ukingoni mwa kitanda. Sikuwahi kumwona akilia kabla ya siku hiyo. Hata kwenye misiba yeye ndiye huwashika wengine.

"Njaa yote ile," akasema. "Nimeubembeleza mwili huu, nimeunyima, na leo umenitupa. Mwambieni wifi amtoe yeye."

"Simtaki yeye!" Saumu akasema, naye akaanza kulia.

Basi mmoja analia huku, mwingine kule, mimi katikati nimeshika gauni. Ndipo tukasikia ukelele chumba cha pili.

"Jamani nakufa! Nitoeni!"

Tukatoka mbio. Ukumbini tulikuta maajabu. Mama mdogo Chausiku, mwenye kumi isiyo na wasiwasi, alikuwa amesimama katikati ya ukumbi, gauni limemfunika kichwa na mikono, limekwama kifuani, halipandi wala halishuki. Alikuwa akizunguka kama ng'ombe kwenye kinu cha mafuta. Na pembeni yake amesimama Mwajabu, yule jirani yetu mwembamba kama fito. Mwajabu ni nane ya kweli, hata adui yake angeapa. Lakini nane aliyopewa ilikuwa imempwaya mpaka bega moja limetoka nje kupitia shingoni, na pindo analiburuta chini.

"Mie sikulewa," Mwajabu alikuwa akilalamika. "Nimesema nane. Hili ni gauni au hema?"

Shangazi akafuta machozi kwa kiganja. Akamtazama Mwajabu aliyezama. Akamtazama wifi yake aliyebanwa.

"Mwajabu," akasema, "livue hilo."

"Shangazi, hili ni nane!"

"Nimekusikia. Livue."

Akalichukua, akalitia kichwani pale pale mbele ya wote. Wallahi, gauni lile lilishuka kama maji. Likapita mabega, likapita kifua, likakaa kiunoni kama lililokuwa likimsubiri. Nikapandisha zipu kwa vidole viwili tu. Ukumbi mzima ukanyamaza.

"Kuna nini huko?" mama mdogo akauliza kutoka ndani ya gauni lake. "Mbona kimya? Mimi sioni!"

"Shangazi amevaa nane, mama mdogo," nikamwambia.

"Nane? Muongo! Amekaza pumzi huyo!"

"Sijakaza, wifi," shangazi akasema. "Naweza kukuimbia."

Na akaimba! Aliimba ubeti mzima wa wimbo wa kumtoa bi harusi, sauti imejaa, na zipu haikusogea. Akamaliza, akamwendea wifi yake aliyefunikwa macho, akamshika mabega.

"Nisikilize, wifi. Idi nilikuwa kumi na sita. Dakika chache zilizopita kumi na mbili imenifukuza. Sasa hivi nane imenikaribisha. Na tangu Idi mpaka leo mkanda wangu haujahama tundu. Kama mimi ni yule yule, nani aliyekosea?"

Mama mdogo akaguna tu. Alikuwa na kitambaa mdomoni.

"Mwili haukosei, wifi. Hukosea kipimo."

Ndivyo ilivyozaliwa. Bibi, aliyekuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni, akapiga makofi na kuirudia kwa sauti: "Mwili haukosei, hukosea kipimo!" Wanawake wakaipokea. Hata yule wa sita ya zamani akaipokea.

"Sasa inua mikono," shangazi akamwambia wifi yake. "Toa pumzi yote. Bado. Haya!" Akamchomoa kwa mkono mmoja. Mama mdogo akatoka mwekundu, nywele zimesimama, hana hata neno la video.

"Nileteeni mkasi," shangazi akasema.

Tukatandika mkeka. Kila gauni likakatwa lebo yake na kutupwa kwenye rundo, kiwanda hiki na kiwanda kile pamoja, mpaka hakuna aliyeweza kujua lipi lilikuwa lipi. Kisha kila mtu akaambiwa ajaribu mpaka apate linalomkubali. Kulikuwa na kicheko siku ile, hamjawahi kusikia! Watu wanabadilishana, wanasukumana, wanasifiana. Mawili matatu tuliachia mshono pembeni, yakakaa. Mwajabu akapata lake, na aliyekuwa amelipewa kwanza akaapa kwamba lilikuwa limeandikwa kumi na nne.

Mama mdogo ndiye aliyekuwa wa mwisho. Gauni lililomkubali ndilo pekee lililosalia na lebo, mkasi ulikuwa umelikosa. Shangazi aliligeuza kola, akaisoma kimya, akaikata, akaitupa kwenye jiko la mkaa.

"Ilikuwa ngapi?" mama mdogo akauliza kwa sauti ndogo.

"Sikuona, wifi. Macho yangu siku hizi."

Mimi niliona. Kumi na nane. Lakini mimi si mtu wa kusema mambo ya watu.

Halafu shangazi akageuka, mikono kiunoni. "Sasa bada langu liko wapi? Na samaki! Siwezi kumtoa mtoto wa watu na tango tumboni." Akala, watoto, akala kama mtu aliyetoka vitani na kushinda. Mama mdogo mwenyewe ndiye aliyempakulia mara ya pili.

Kesho yake, mlango wa chumba ulipofunguliwa, Saumu alitoka ameshikwa mkono wa kulia na shangazi yake. Kijani juu ya kijani nyuma yao, wembamba na wanene wamechanganyika kama njugu mawe na karanga kwenye sinia moja. Mpiga video akauliza kama awapange tena, wembamba mbele. Mama mdogo Chausiku akamjibu kabla ya mtu yeyote: "Wewe piga watu, usipime watu!" Vigelegele vilivyopigwa hapo vilisikika mpaka stendi. Shangazi alimfikisha Saumu kwenye kiti chake, akamfunua uso, na mtoto yule akamkumbatia mbele ya kamera bila kumwachia, mpaka shekhe akakohoa.

Basi, Zulfa, ukaichukue sketi yako. Ilipotengenezwa hukuwepo, aliyeipima hakujui, na namba iliyoandikwa pale si cheti cha kuzaliwa. Nitazameni mimi. Tangu siku ile lebo hainisumbui. Sijui hata mimi ni saizi gani, na sina haja ya kujua. Nikinunua gauni nakata lebo hapo hapo dukani...

"Unakata?"

Tumegeuka wote. Shangazi Mwanahamisi amesimama mlangoni na kapu lake la sokoni. Hatujui ameanza kusikiliza wapi.

"Shikamoo, shangazi," nimesema.

"Marahaba. Nimekuuliza, unakata?"

"Nakata, shangazi."

"Kukata unakata, kweli. Na sindano uliyokuja kuniazima Ijumaa, ulikuwa unashona nini?"

"Kifungo, shangazi."

"Hilo gauni ulilovaa lina kifungo?"

Nimejitahidi kusimama, lakini Tatu ana mikono myepesi. Ameshanigeuza kola. Gauni la bluu, nalo lina lebo ndogo nyeupe iliyotolewa kwenye blauzi nyingine kabisa, imeshonwa kwa uzi mwekundu, mishono imepinda kama njia ya mlimani. Imeandikwa nane.

"Nane!" Tatu amepiga kelele. "Da' Mishi, nane!"

"Ile ya zamani," shangazi amesema, na kuweka kapu chini ili apate nafasi ya kucheka vizuri.

Zulfa hakucheka. Ameinuka, amekwenda chumbani, amerudi amevaa ile sketi, ameacha kishikizo cha juu wazi na kukifunika kwa blauzi. Imempendeza. Amesimama mbele yangu, mikono kiunoni, kama shangazi alivyosimama siku ile.

"Pole, da' Mishi," ameniambia. "Mwili haukosei, hukosea kipimo."