Kiti cha Mbeti

Mwaka wa 1981, mvua za masika zilipokuwa zikianza, Mbeti binti Muasya alikuwa na umri wa miaka minne na hakuwa amewahi kumtazama baba yake usoni. Kila baba alipochutama mbele yake na kumwita, mtoto aligeuza uso upande wa kulia na kutulia hivyo, kana kwamba ukutani palikuwa na mtu mwingine wa maana zaidi.

Wahenga walinena kuwa mwenye macho haambiwi tazama. Methali hii hutumiwa kumsuta anayengoja kuonyeshwa kilicho wazi: aliyejaliwa macho huona mwenyewe, wala hahitaji kusukumwa. Hata hivyo, katika nyumba moja ya baraza la jiji mtaani Kariobangi, neno hilo "tazama" lilitamkwa kutwa kucha, na yaliyotokea ndiyo haya.

Muasya alikuwa mchonga vinyago, mzaliwa wa Mwala. Alifanya kazi katika kibanda cha mabati pamoja na wachongaji wenzake wa Ukambani, akitoa swala na twiga kutoka magogo ya mhugu. Alikuwa mtu wa maneno machache, asiyeamini kitu mpaka akipime. Mkewe, Nthoki, alikuwa mshonaji hodari, lakini cherehani yake ilikuwa imefunikwa shuka tangu mtoto azaliwe. Uchungu ulikuwa mrefu kupita kiasi, na mtoto alitoka bila kulia. Baadaye viungo vyake vilikakamaa, shingo ikabaki legevu, maneno hayakuja, na mara kwa mara alishikwa na kifafa. Wazazi waliyapokea hayo moja baada ya jingine kwa sababu yalikuwa bayana. Macho ndiyo yaliyowatatiza. Leo mtoto angeonekana anaona, kesho yake angekuwa kama aliyefungiwa chumba chenye giza.

Daktari hospitalini aliyamulika kwa makini.

"Macho yenyewe ni mazima," alisema. "Kilichoumia ni ubongo, mahali panapopokea habari za macho. Huenda anaona kiasi fulani. Anaona vipi, siwezi kusema. Ninyi mnaokaa naye ndio mtakaojua kwanza."

Muasya alirudi nyumbani na nusu ya maneno hayo. Macho ni mazima: basi kinachokosekana ni mazoezi. Katika kazi yake, kitu kilichopinda kilinyooshwa mapema, na samaki, kama wasemavyo, hukunjwa angali mbichi. Akachagua mjakaranda uliokauka vizuri, akamtengenezea Mbeti kiti. Kilikuwa na mkao wa kina, mkanda wa turubai wa kumshika kifuani, na kwenye egemeo, palipolala kichwa, vipande viwili vilivyochomoza kama masikio. Masikio hayo, yaliyokazwa kwa boliti, yalikishika kichwa cha mtoto kikaelekea mbele sawasawa. Alikipiga msasa, akakipaka nta mpaka kikang'aa.

"Muasya," mchongaji mwenzake Ndambuki alimwuliza, "hicho ni kiti cha mtoto au cha chifu?"

"Cha mtoto."

"Basi tukipita mbele yake tutavua kofia."

Wenzao walicheka. Muasya hakucheka, lakini alikuwa ameridhika. Hakuwahi kutengeneza kitu kwa uangalifu kama ule.

Tangu hapo, kila jioni, aliketi mbele ya kiti akiwa na swala mdogo wa mti mkononi. "Mbeti, tazama. Tazama hapa. Tazama baba." Mtoto alikaa katikati ya masikio yale akiwa hawezi kugeuka. Macho yake yalituama kama maji ya mtungini. Baada ya muda alianza kulia, na Nthoki akaja kumtoa.

"Baba Mbeti, mtoto huyu huona," alisema Nthoki jioni moja. "Nikimletea kile kikombe chekundu, ananyamaza kabla hakijafika mdomoni."

"Anasikia viatu vyako."

"Nikiwa miguu mitupu je?"

"Anasikia leso yako. Anasikia uji ukitikisika. Sauti ni nyingi, Mama Mbeti."

"Na wewe hukosi jibu. Ungechonga majibu, tungekuwa matajiri."

Jirani yao Phelister, Mama Omolo, mke wa karani wa reli kutoka Siaya, alifuga kuku uani na hakuwa mtu wa kumeza neno. Siku moja alimtazama Mbeti akiwa amepakatwa na mama yake, uso umegeukia kulia kama kawaida.

"Msichana wenu anatazama kama kuku wangu," alisema. "Kuku akitaka punje haitolei macho. Anaipa shavu kwanza, jicho moja, halafu ndipo anadonoa."

Nthoki alicheka. Muasya alikunja uso. Kwake, kumfananisha mtoto wake na kuku ilikuwa dharau. Alimuaga Phelister kwa sauti baridi iliyomfanya mama wa watu akumbuke kwamba alikuwa ameacha sufuria jikoni.

Ng'ambo ya mto kanisa lilikuwa limefungua kituo cha mchana cha watoto wenye ulemavu. Kiliwapokea wasioweza kutembea, wakanyooshwa viungo na kufundishwa kwa picha na shanga za rangi. Wasioona hawakupokewa, kwa kuwa hapakuwa na mwalimu wao. Hao walielekezwa katika shule ya bweni iliyokuwa mbali, na shule hiyo nayo ilichukua tu watoto walioweza kutembea na kujilisha. Mtoto aliyekuwa na mizigo yote miwili hakuwa na mlango wa kubisha.

Mwalimu wa kituo, Bi Kageha, alimpima Mbeti siku ya Alhamisi. Alimkuta ameketi katika kiti chake, kilicholetwa na baba begani. Alishika mwanasesere mbele ya uso wa mtoto. "Mbeti, tazama. Tazama mtoto mzuri." Hakuna kilichotikisika. Akajaribu tochi, akajaribu mpira. Mbeti alilia.

"Sitaki kuamua kwa siku moja," Bi Kageha alisema. "Mleteni tena Alhamisi ijayo. Lakini kama haoni, baba, nitakuwa nawadanganya nikimpokea. Nitamkalisha kona tu."

Njiani Muasya alisema alilokuwa amelificha moyoni. "Wakimkataa, atakwenda kwa mama, Mwala."

Nthoki alisimama. "Mama yako hawezi kunyanyua mtungi. Atamnyanyua Mbeti?"

"Atasaidiwa."

"Na akishikwa na kifafa? Hospitali iko wapi huko?"

"Na hapa je? Umembeba miaka minne, mgongo wako umekwisha. Usiku unalia ukidhani nimelala."

Nthoki alifunga leso upya, akaendelea kutembea. Ilikuwa kweli, na ukweli hauna mlango wa nyuma. Tangu saa ile, wiki iliyokuwa mbele yao ilikuwa na uzito wa jiwe la kusagia: Alhamisi ingeamua kama mtoto angelala Kariobangi au Mwala.

Kiti hakikurudi salama. Walipokuwa wakivuka mto Muasya aliteleza, na sikio la kushoto likapasuka. Jumamosi alikitoa uani akitengeneze. Fundi hatengenezi sikio moja. Alilegeza boliti, akayang'oa yote mawili ili ayapime pamoja, akamkalisha Mbeti kitini na kumwekea blanketi lililokunjwa nyuma ya shingo, kisha akaketi na patasi yake.

Nthoki alitoka jikoni na uji katika kikombe chekundu, akasimama kumsikiliza Phelister aliyekuwa upande wa pili wa ua wa waya. Mbeti aligeuza uso kulia, akawapa shavu. Mkono wake wa kushoto, uliozoea kukunjwa kama ngumi, ukainuka polepole, vidole vikaachana, ukaelekea kwenye kikombe.

Muasya aliona.

"Amesikia sauti yako," alisema, lakini hakuinamisha tena kichwa kwenye kazi.

"Basi pima!" Nthoki alimwambia. "Wewe si mtu wa kupima? Pima!"

Muasya alivua viatu. Alichukua kitambaa chekundu kutoka kwenye kikapu cha cherehani, akakifunga kwenye ncha ya kijiti chembamba. Aliwaomba wanawake wanyamaze, jambo ambalo kwa Phelister lilikuwa sadaka kubwa. Kisha akakiinua kitambaa mbele ya uso wa mtoto, akakipeperusha taratibu bila kutoa sauti.

Mbeti aligeuza uso kulia.

Siku nyingine yoyote Muasya angeishia hapo. Safari hii alingoja. Akauona mdomo wa mtoto ukifunguka kwa tabasamu, na mboni ya jicho la kushoto ikiwa imebaki kwenye kona, inatikisika pamoja na kitambaa. Akakipeleka kitambaa upande wa kulia, kule uso ulikoelekea. Tabasamu likafa. Akakirudisha kushoto, likafufuka. Akakificha mgongoni, akainua kijiti kitupu: hakuna. Akakirudisha kitambaa: mkono ukainuka.

Aliyarudia yote tangu mwanzo. Hakuna kilichobadilika.

Kisha akalifunga kwa kamba sikio lililopasuka, akayarudisha masikio yote mawili, akakaza boliti, akainua kitambaa palepale. Kichwa cha mtoto kikashikwa. Macho yakatuama. Hakuna. Mara Mbeti akaanza kulia kilio kile kile cha kila jioni.

Muasya aliyang'oa masikio, akayaweka chini. Jambo lilikuwa dhahiri kama mchana. Mtoto hakuona kilichokuwa mbele ya uso wake. Aliona kwa pembe ya kushoto, na vitu vilivyosogea aliviona vizuri kuliko vilivyotulia. Ili aone kilichokuwa mbele, ilimlazimu ageuze uso. Kugeuka huko ndiko kulikokuwa kutazama. Kiti kile kizuri kilikuwa kimemziba.

Alichutama mbele yake, kama alivyokuwa akichutama miaka yote ile. Hakusema tazama. Hakusema neno lolote. Aliinua mkono, akautikisa kidogo kando ya kichwa chake mwenyewe. Mbeti aligeuza uso upande wa kulia na kutulia hivyo.

"Alikuwa ananitazama," Muasya alisema.

"Kila siku," alijibu Nthoki.

"Miaka yote."

"Nimekuambia tazama, tazama, mpaka ulimi ukaota sugu. Kipofu wa nyumba hii hakuwa Mbeti."

Muasya hakuwa na jibu la kuchonga. Upande wa pili wa ua, Phelister alikuwa amefikia mwisho wa subira yake.

"Sasa naweza kusema?"

"Sema, Mama Omolo."

"Kuku wangu wanakusalimu."

Muasya alicheka, naye hakuwa mtu wa kucheka. Kisha akafuta macho kwa mgongo wa mkono na kusema vumbi la mti limemwingia. Hapakuwa na aliyebisha, ingawa patasi ilikuwa haijagusa mti asubuhi hiyo. Siku zilizofuata alitengeneza egemeo jingine, la chini, lenye mto wa kuishika shingo bila kukifunga kichwa. Yale masikio ya mjakaranda Nthoki aliyatia jikoni, yakachemsha uji.

Alhamisi waliingia tena katika kituo cha kanisa. Msaidizi wa Bi Kageha aliketi kando ya meza. Mbeti aliwekwa karibu na dirisha katika kiti chake. Bi Kageha alichukua ushanga mwekundu uliotungwa kwenye uzi, akainama mbele ya mtoto.

"Mbeti, ta—"

"Mwalimu, samahani," Nthoki alimkatiza. "Usimwambie kitu. Utikise tu, polepole. Na akigeuka, usimnyooshe."

Bi Kageha alimtazama mama, akamtazama baba. Muasya aliitikia kwa kichwa. Mwalimu akautikisa ushanga kimya kimya.

Mbeti aligeuza uso upande wa kulia.

"Amekataa," alinong'ona msaidizi.

"Ngoja," alisema Bi Kageha.

Nthoki alikuwa ameishika leso yake kwa mikono miwili kama anayekamua nguo. Muasya alisimama wima, akitazama mkono mmoja tu. Ngumi ya kushoto ya mtoto ilitetemeka, ikafunguka, ikainuka kidogo, ikaanguka mapajani. Msaidizi akakohoa. Ngumi ikainuka tena, safari hii juu zaidi, vidole vikipapasa hewa, huku uso wa mtoto ukiwa bado umeelekea ukutani na kona ya jicho lake imeng'ang'ania ushanga. Vidole vikaufikia. Vikaukamata.

Bi Kageha aliuvuta uzi kidogo. Mbeti hakuuachilia.

"Alhamisi iliyopita nilimwambia tazama mpaka akalia," mwalimu alisema taratibu. "Leo sijamwambia hata mara moja."

Akamgeukia msaidizi wake. "Weka kiti chake hapa dirishani, ubavu wa kushoto uelekee kwa watoto wenzake. Mama, mlete Jumatatu asubuhi."

Mbeti alikuwa bado ameushika ushanga, amewapa wote shavu, anawatazama. Hakika, mwenye macho haambiwi tazama.