Ubavu wa Kushoto wa Kozi

Kaeni vizuri, maana hukumu ni yenu.

Walikuwapo wajukuu watatu wa nyumba moja, Mombasa, kila mmoja na jicho lake. Mwanakombo, msomi wa chuo kikuu, alikuwa na jicho la kukumbuka: mchoro akiuona mara moja haumtoki. Shee, mpiga picha, alikuwa na jicho la mwanga. Mbwarali, fundi cherehani, hakujua meli wala kamera, ila nguo haikumdanganya.

Bibi yao, Bi Mwanahamisi, alizaliwa baba yake akiwa vitani baharini. Siku zile Kilindini palikuwa na manowari mbili pacha. Wapagazi waliziita Kipanga na Kozi. Kipanga ilinusurika, na watu wake wakatawanyika bandari za mbali. Kozi ilizama na kila aliyekuwamo. Baba alipanda ipi? Hakuna aliyejua. Mama yake Bibi alikufa bila kukaa eda, na mlango wa uani haukuwahi kukomewa. Ukimwambia Bibi kwamba baba yake angepita miaka mia, atakuuliza, "Ulimzika wewe?"

Ilibaki picha moja: manowari iliyopakwa mabaka na mikanda ya kuwapotosha maadui, na juu yake baba yake Bibi aliyeinua mkono, uso umefifia kwa kutikisika.

"Atakayejua hii ni meli gani, picha ni yake," akasema Bibi. "Lakini aje aniambie kwa kinywa chake: nimsomee baba hitima, au nimwachie mlango."

Mwanakombo alikuwa ameiona michoro ya rangi za meli zile, na alijua kila ubavu ulipakwa kivyake. Katika picha, omo, yaani mbele ya meli, ilielekea kulia. Basi ulioonekana ni ubavu wa kulia, na mkanda mweusi uliteremka kuelekea omo. Upande huo, Kipanga ndiyo iliyopakwa hivyo! Moyo ukamruka. Ila karibu na omo palikuwa na baka jeupe, na baka jeupe halikuwa la Kipanga wala la Kozi. Akaanza upya. Akikosea, atamzika mtu kwa mkanda wa rangi.

Mbwarali akachungulia, akacheka. "Dada, babu yetu kavaa blauzi? Vifungo viko upande wa kike."

Lakini shati la kiume halifungwi hivyo. Picha ilikuwa imesafishwa kinyume, kulia kukawa kushoto. Na kwa ubavu wa kushoto, iliyokuwa na mkanda wa kuteremkia omo ni Kozi.

"Si Kozi," Mwanakombo akashikilia. "Baka la Kozi lilikuwa la buluu. Hili ni jeupe!"

Shee akaisogeza picha dirishani, akaitazama mbingu yake iliyokuwa tupu kama karatasi. "Filamu nyingi za kale zilitoa buluu kama nyeupe, dada. Usingoje kuiona buluu hapa."

Mwanakombo akaigeuzia picha kioo. Meli ikageuka. Mkono uliokuwa wa kushoto ukawa wa kulia, mkono wa kuaga, na uso ule usio na macho ukawa kama unawatazama wao.

"Ichukue, dada. Michoro uliijua wewe," akasema Shee.

"Bila vifungo ningemwambia ni Kipanga. Mbwarali, ni yako."

"Yangu? Mimi nilifanya mzaha tu! Bila Shee, hilo baka lingewafunga mdomo mpaka kesho. Mpe Shee."

Shee akarudisha mikono mgongoni.

Mara upepo ukaugonga mlango wa uani. Kutoka chumbani Bibi akaita, kama aitavyo kila unapogonga, "Karibu!"

Wakatazamana. Picha ilikuwa juu ya meza, na hakuna aliyeigusa.

Haya, mliosikia. Angekosekana hata mmoja wao, Kozi isingejulikana. Mngempa nani picha ile, na nani aingie kwa Bibi akakomee mlango?