Bi Harusi Aliyepita Shambani kwa Makame

Makame, tajiri mwenye mabavu, alinyang'anya kila baiskeli iliyopita shambani kwake. Siti alikuwa na baiskeli ya kukodi, na mwenye baiskeli, aliyekaa ng'ambo ya shamba hilo, aliitaka siku ile ile.

Siti akaja na shoga zake wakipiga vigelegele, wamebeba kitanda kilichofunikwa kanga.

"Baiskeli uliyokodi iko wapi?" Makame, aliyekwisha kusikia habari zake, akafoka.

"Taratibu, kaka! Tunampeleka bi harusi."

"Mbona mwembamba hivi?"

"Mwali mwenye haya atakula nini? Hebu shika mguu wa kitanda, pana matope. Na usichungulie, hata bwana harusi hajamwona!"

Makame akabeba mpaka ng'ambo, ameinamisha macho, jasho linamtiririka.

Siti akafunua kanga, akaishusha baiskeli, akaipanda na kupiga kengele.

"Ahsante, shemeji!"